Hoteli ya Waithaka watu wanaita Baa: chapo nyota tano, choo nyota moja, grili mjionee wenyewe

Wacha nianze na chapo juu najua wengi wenu mtasoma mistari mitatu muende. Chapo za hapa ni zile za kukunja, ukishika pembe inajifungua yenyewe mizunguko mizunguko, shilingi 30 moja, na haikuachi na mafuta ya kutafuta tishu hadi mfuko wa jirani. Matumbo ni 150 na yamepikwa na mtu hana haraka, hoho kidogo, dania inaingia mwisho kabisa, na yameoshwa, hiyo ndio muhimu. Lakini tusipeane sifa za bure, Dagoretti Market iko hapo mbele tu na vichinjio vyake, mtu wa Waithaka akikupikia matumbo mabaya huyo ameamua. Madondo 80. Chai ya maziwa 30, inakuja na kikombe cha bati moto hadi unaihamisha mkono huu mkono ule. Mukimo ni Alhamisi peke yake na ukifika saa saba umekosa, usianze kubishana na mathe mwenye kuendesha hoteli hapo kwa kaunta, umekosa.

Sasa shida ni kwamba hii hoteli haina jina. Bango limeandikwa HOTEL na rangi ya bluu, basi. Ukiambia mtu wa boda akupeleke hotelini atakuuliza hoteli gani, ukisema ile ya chapo za kukunja atakwambia "aah, Baa, si ungesema". Tone la pombe halijauzwa hapo miaka kadhaa sasa lakini jina limekataa kutoka. Juzi nimekaa hapo kuna akina mama wa chama wamejaa meza mbili, leso na sweta za kanisa, mmoja anaongea na simu kwa sauti ya kuita ng'ombe, "tuko Baa, ndio, sisi wote tuko Baa, mwambie pasta akuje pia," na hakuna mtu alicheka isipokuwa mimi.

Mi nimezaliwa mita mia tatu kutoka hapo. Babangu alikunywa kwa hiyo nyumba karibu maisha yake yote ya kunywa, na mimi ndio nilikuwa natumwa kumuita, kwa hivyo hii rivyu haitakuwa ya chakula peke yake, mnisamehe. Ukikula hapo bila kujua umekalia nini utakuwa umeshiba vizuri tu, lakini utakuwa umekosa kitu bora kwa hiyo hoteli, na hicho kitu hakiko kwa menyu.

Fanya hivi. Ukifika usikae karibu na dirisha, kaa ile meza ndogo imeshikana na kaunta. Kaunta yenyewe ni mbao ya podo, nzito, imelainika na viwiko vya watu hadi iko kama sabuni. Alafu uangalie juu, ile fremu inazunguka kaunta. Utaona matundu. Kuna madogo madogo ya misumari, mstari mmoja umepinda pinda kama wa mtu aliyekuwa anapiga nyundo na hasira. Kuna makubwa ya boliti, manne, moja kila kona. Alafu kuna alama nyeusi mbao iliungua, hizo ni za fundi wa kuchomelea vyuma. Na kwa kona ya kushoto kuna kipande cha grili kimebaki, kama kurasa mbili za gazeti, na shimo katikati. Hiyo nyumba imepitia wenye baa wanne na kila mmoja aliacha tundu lake. Ukitaka kujua mwenye baa alikuwa mtu wa aina gani usiulize aliuza bia gani, uliza aliweka nini katikati yake na wateja.

Wa kwanza hakuweka kitu.

Huyo sisi tulimuita guka, yaani babu, ingawa hakuwa guka yetu. Alikuwa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, wakampeleka Burma vita vya pili vya dunia, na kulingana na baba, kitu guka alirudi nayo kutoka Burma ni goti mbovu na kujua bia ya chupa inaonja aje. Na hapo ndio maudhi yalianza. Kwa wale hamjui, kampuni ya bia ilianza hapa Ruaraka mwaka wa 1922, ndugu wawili Waingereza wanaitwa Hurst na wenzao, kreti za kwanza zikapelekwa hoteli ya Stanley hapo tauni mwezi wa Desemba, mwaka uliofuata ndugu mmoja, George, akauawa na ndovu akiwa kuwinda, na ndio maana Tusker inaitwa Tusker na kuna ndovu kwa lebo. Stori tamu. Isipokuwa miaka yote hiyo Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa. Ndovu ni wetu, maji ni yetu, mfanyakazi wa kupakia kreti ni wetu, bia si yetu. Ukitaka kunywa kihalali ndani ya Nairobi ulienda klabu ya manispaa kule Pumwani unywe pombe ya kienyeji wamepika wenyewe wanakuuzia wenyewe, alafu faida inarudi kwa manispaa eti iwafanyie maendeleo nyinyi mliokunywa. Chupa zilikuja kufunguliwa kwa Waafrika baada ya hivyo vita. Kwa hivyo fikiria mtu amepewa bia jeshini kama haki yake, anarudi kwao anaambiwa ngoja.

Alafu kabla hata kiu haijaisha, Oktoba 1952 Imajensi, hali ya hatari ya kupigana na Mau Mau. Kufika 1954 serikali inatoa Wakikuyu kwa mashamba yao inawapanga kwa vijiji, nyumba mstari mstari, mtaro pembeni, homgadi, askari wa kijiji wa serikali, kwa lango, na Dagoretti yetu haikuachwa, wakati huo bado ilikuwa Kiambu, ilikuja kuingizwa Nairobi na uhuru. Ndio maana hadi leo kuna mashosho, akina nyanya, huku wanavaa viatu vya ngozi wanakwambia "naenda Nairobi" na wako Nairobi tayari. Na hapo katikati Mau Mau wakakataza watu bia ya mzungu, na sigara, na basi, ukipatikana nazo unaelezea usiku. Guka alikuwa anasema bia amekatazwa na serikali alafu amekatazwa na msitu, imebaki mke.

Kwa hivyo hiyo nyumba haikuanza kama baa. Ilianza kama hoteli ya chai na andazi. Nilikuwa nasikia hivyo nikidhani ni stori ya wazee, lakini mathe wa saa hii alipokuwa anakwaruza rangi ya ukuta wa nyuma kabla apake mpya alipata tabaka baada ya tabaka, nyekundu ya kampuni ya soda, kijani, manjano mbaya sana, na chini kabisa herufi za mkono, CHAI, na nusu ya neno lingine hakuna mtu ameweza kusoma. Amekiacha hicho kipande bila kupaka. Kiko nyuma ya friji, muombe vizuri atakusongea friji kidogo.

Leseni ya bia guka aliipata uhuru ukishakuja. Kaunta ilikuwa wazi kabisa, hakuna waya hakuna chuma, ilikuwa unaegemea hapo na mnaangaliana uso kwa uso. Baba alisema guka alikuwa na sheria moja, mtu akianza matusi anazungushwa upande wa ndani wa kaunta aoshe glasi. Sijui ni wangapi waliosha lakini baba alijua kuosha glasi vizuri sana kwa mwanaume wa wakati wake.

Guka akafa, baa ikachukuliwa na bibi yake mdogo, na huyu sasa ndio mimi nilimjua. Shosho mfupi, aproni yenye mifuko miwili, mfuko wa kulia noti mfuko wa kushoto sarafu na kifungua chupa kimefungwa na kamba. Ilikuwa baa ya maranda sakafuni, pazia la shanga mlangoni, redio juu ya rafu, na lile swali moja tu la baa za Kenya, baridi ama moto, juu wazee wengi walikuwa wanakunywa bia ya moto na wanakuona wewe wa baridi kama mtoto. Watoto hatukuruhusiwa kupita pazia. Unasimama nje unaingiza kichwa kati ya shanga unasema "baba, kuna mgeni nyumbani," na baba anajua hakuna mgeni, na shosho anajua hakuna mgeni, na wazee wote wanajua. Shosho anatoa yai la kuchemsha amelipasua katikati ameweka kachumbari na chumvi, anakupatia, ukimaliza yai baba atakuwa amemaliza glasi. Huo ulikuwa utaratibu na ulifanya kazi kushinda mahakama.

Misumari iliyopinda ni yake. Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, tauni maduka yalivunjwa yakaporwa hadi rafu, na huku sisi tulifungiwa ndani tunasikiliza redio inabadilisha maneno. Baa ya shosho haikuguswa. Hata kizibo hakikupotea. Lakini wiki hiyo hiyo akatuma mtu amletee waya ya kuku, akapanda juu ya kreti mwenyewe na nyundo, akazungusha waya kaunta yote, akakata shimo katikati la kutosha chupa na mkono. Wazee walikasirika, wengine wakasema sisi ni kuku sasa. Baba alimuuliza ni nani kati yetu unaogopa, akamjibu, "Simuogopi yeyote mchana." Na baada ya hapo mayai yetu yakawa yanapitia kwa lile shimo. Mi nilikuwa nafikiria baa zote duniani ziko hivyo.

Kitu kingine cha shosho ni kitabu cha madeni, na kitabu chenyewe kipo, sio stori. Mathe alipobadilisha mabati kikaanguka kutoka darini. Ni kitabu cha mraba kama cha hesabu ya shule, ganda limeliwa na panya kona moja, na ndani shosho hakuandika jina la mtu hata mmoja. Ameandika lakabu peke yake, sijui ni kuogopa polisi ama bibi za watu. Fundi Redio. Wa Posta. Goti. Jirani Mbaya, huyo ana kurasa tatu. Deni likilipwa anapiga mstari mmoja wa rula, sio kukwaruza, mstari safi wa rula. Mathe amekifunga na karatasi ya nailoni anakiweka chini ya kaunta karibu na sukari, na hatoi kwa kila mtu, lakini ukikula ukamaliza na ukauliza kwa heshima anakifungua mbele yako, yeye ndiye anageuza kurasa wewe unaangalia. Nilimwambia akiwekee kioo akasema kitabu cha deni hakifungiwi, kinangojea.

Wa tatu nitaharakisha juu sikumpenda. Familia ilikodisha baa miaka ya tisini kwa jamaa aliyekuja na Nissan mbili za matatu na mawazo mengi, na hapo ndio tukajua mwenye ploti na mwenye baa wanaweza kuwa watu wawili, mmoja anataka nyumba idumu mwingine anataka kodi yake irudi. Boliti nne ni zake. Waya ya kuku aliitoa akaleta grili ya chuma ya kununua, akaongeza meza ya pulu, akaongeza bango. Mwaka wa 1998 Wasauzi, watu wa Afrika Kusini, walifungua kiwanda cha bia Thika kushindana na Ruaraka, vita vya bia, bei chini, matangazo kila mti, na huyu jamaa akaamua yeye ni mtu wa Castle, bia ya hao Wasauzi, akaning'iniza bango la Castle kubwa kuliko mlango, akagombana na wazee wa Tusker hadi wengine wakahama wakaenda kunywea kwingine. 2002 Wasauzi wakafunga kiwanda wakaenda. Yeye akabaki na bango. Lilitumika kuziba paa la choo na kama sijakosea ndio bado liko hapo juu, nitafika kwa choo.

Lakini nimpe haki yake kwa jambo moja. Novemba 2000 watu zaidi ya mia moja walikufa Mukuru na mitaa ya karibu kwa kunywa kumi kumi, ile ya glasi shilingi kumi, ilikuwa na methanoli, wengine wakabaki vipofu. Wakati huo huku pia kulikuwa na mama pima, wauzaji wa pombe haramu, kila kichochoro na hiyo kitu ilikuwa inauzwa nyuma ya baa nyingi, mbele bia nyuma sumu. Yeye alikataa. Sijui ni roho safi ama ni uoga lakini alikataa, na nawajua wazee wawili ambao wangeinywa na leo wanaota jua hapo stejini.

2004 keg ikaja. Serikali iliondoa ushuru ili kampuni iuze bia ya bei ya chini inaitwa Senator watu waache chang'aa, na Obama alipokuwa seneta watu wakaanza kuiita Obama, "niwekee Obama mbili," miaka kabla awe rais. Hiyo ilibadilisha sauti ya baa. Unajua baa ya chupa ina sauti yake, kizibo, glasi, kreti. Keg ni pipa la chuma na jagi ya plastiki, hakuna sauti, na hakuna chupa ya kurudisha kwa hivyo hakuna hesabu ya chupa mezani, zamani mzee alijua amekunywa ngapi kwa kuangalia. Baba aliacha kwenda huo mwaka. Alisema bia ya kumiminwa kama parafini hawezi.

Wa nne ni mjukuu wa guka, rika langu, kodi ya jamaa wa matatu ilipoisha akasema sasa mali irudi nyumbani. Kijana mzuri, tulicheza mpira wa karatasi pamoja, lakini alianza baa wakati mbaya kabisa, sheria ya Mututho, ile ya kudhibiti pombe, ilikuwa ndio imetoka 2010, baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, wikendi kuanzia saa nane. Wateja wa mchana aliorithi hawakuwa tayari kwa hiyo sheria. Suluhisho lake ndio zile alama za moto, alileta fundi akachomelea vyuma juu ya grili, alafu mlango mdogo wa chuma, ili mlango wa mbele uonekane umefungwa na watu wako ndani wanakunywa gizani wanaongea kama wako msibani. Ukipita nje mchana unasikia kikohozi tu. Polisi nao walijua, ilikuwa wanabisha na kidole kimoja. 2013 ushuru wa keg ukarudishwa nusu, bei ikapanda, keg ikapungua, akaingiza zile chupa ndogo za plastiki zenye majina ya ajabu, na Julai 2015 rais akatoa amri pombe zimwagwe, vijana na wabunge wakavunja wakamwaga, yake pia ikamwagwa, na kwa kweli harufu ilikaa kwa mtaro wiki mbili. Akasimama tena. Tivi kubwa, mpira, vyuma zaidi. Mwishowe kaunta ilikuwa kama seli, unaona mkono na macho peke yake, unatuma pesa kwa simu kwanza unasoma mesej kwa sauti ndio chupa ipitishwe. Mtu ambaye tumecheza naye mpira alikuwa ananiambia "nisomee code ya mesej".

Corona ikammaliza. Machi 2020 baa zikafungwa, kafyu ikaanza tarehe 27, saa moja jioni kila mtu nyumbani. Hoteli zilipokubaliwa kufungua yeye naye akajiita hoteli, alinunua soseji na kikaango, ukinunua soseji moja unapewa bia yako na soseji inarudi kwa kikaango ingoje mtu mwingine, mi nimeona soseji ikizunguka meza nne. Julai wakakataza pombe hotelini pia. Baa zilipofunguliwa mwisho wa Septemba yeye ashauza friji. Nyumba ikakaa imefungwa, paka wakaingia.

Mathe alikodisha 2022. Kitu cha kwanza alifanya, kabla ya jiko kabla ya rangi, alileta fundi na grainda akakata vyuma vyote. Mtaa mzima ulikuja kuangalia cheche. Akaacha kile kipande kimoja chenye shimo, nikamuuliza mbona, akasema hapo ndio anapitishia sahani za watoto, wanapenda. Sikumwambia chochote kuhusu mayai, nilikuwa bado simjui vizuri.

Sasa mabaya, juu hii ni rivyu. Choo ni aibu. Kiko nyuma, unavuka kijiploti chenye maji ya kuoshea vyombo, mlango haufungi unaushika na mkono mmoja, taa hakuna, na paa ni lile bango niliwaambia, ukiinua macho unasoma herufi mbili tatu za bia. Mathe anasema ni kazi ya mwenye ploti, mwenye ploti anasema ni kazi ya mathe, hayo tumeyasikia tangu miaka ya tisini. Weita ni kijana mmoja na iafoni, unamuita mara tatu, na akikuja anakuletea kitu karibu na kile uliitisha. Na mathe, nakuheshimu sana, lakini ile wolpepa ya maporomoko ya maji umebandika ukuta wa kulia, hapo ndio palikuwa na alama za mishale ya darts ya wazee, ukuta mzima ulikuwa na vitundu kama ndui, na sasa ni maji ya China yanaanguka nyuma ya mtu anayekula madondo. Ilinikata.

Pia waifai hakuna, na tivi imewekwa muvi za Kinaijeria sauti juu kutoka asubuhi. Saa nne hadi saa sita ndio wakati mzuri, chapo zinatoka kwa moto moja moja na meza ya kaunta iko wazi.

Wiki iliyopita ndio nilikula nikamaliza nikauliza kitabu. Akafuta mikono, akatoa nailoni, akaanza kugeuza polepole. Nilikuwa namtafuta baba na sikujua jina gani, alikuwa dereva wa lori la maziwa kwa hivyo nilijua itakuwa kitu kama hiyo. Wa Posta, Goti, Jirani Mbaya tena. Alafu kwa ukurasa wa mwaka wa 1986, mwandiko wa shosho, wino wa bluu umegeuka zambarau: Baba Mgeni.

Ilichukua muda niielewe. Si "baba, kuna mgeni nyumbani" miaka yote hiyo.

Chini ya hilo jina kuna mistari saba, sita imepigwa rula. Wa saba haujapigwa. Bia, bia, yai 1, shilingi 46 jumla na za nyuma. Hilo yai nililikula mimi, hakuna mwingine angelikula. Nikamuuliza mathe na utani, sasa hii nani analipa, nikitarajia acheke tuendelee na maisha. Hakucheka. Akaangalia kitabu, akaniangalia, akachukua kikokotoo, matumbo 150, chapo mbili 60, chai 30, akaongeza 46, akanigeuzia nione. 286. Nikatuma kwa tili, akangoja mesej iingie, akaenda kwa droo akatafuta rula, akakosa, akapiga mstari na upande wa kadi ya tiketi ya mechi ya mtoto wake, ukatoka umepinda kidogo.

Alafu akaniambia chapo zilikuwa tatu, nimelipa mbili.